Mzee ana protini kwenye mkojo, daktari anaongelea moyo: nilivyopitia mimi

Mkuu mtoa mada, nimekuelewa hivi: mzee wako ana presha miaka 10, mkojo umeonyesha protini ya alama mbili za kujumlisha (++), kreatinini, ile taka ya kwenye damu ambayo figo huichuja, iko kwenye kiwango cha kawaida, halafu daktari anamwandikia kipimo cha moyo na dawa ya kolesteroli. Unahisi mnapigwa hela. Hampigwi. Hayo yalinikuta 2019.

Mimi ni mtu wa viazi, Uyole. Presha niligundulika nayo 2013, na miaka sita nikawa nameza dawa kichwa kikigonga tu. Kikitulia, pakiti inarudi juu ya kabati. Mgongo, kwa sababu ya kupakia lumbesa, niliutuliza kwa diklofenaki, dawa ya maumivu, natafuna kama karanga. Zahanati niliyokuwa naenda walinipima mkono, wakaandika 170 kwa 100, nikapewa vidonge nikaondoka. Hakuna siku niliyopewa kikopo cha mkojo. Miaka sita! Linaniuma mpaka leo, ingawa na mimi nilikuwa naona mapovu chooni yamekaa kama ya sabuni, nikanyamaza.

Siku nilipopimwa vizuri, kreatinini mikromoli 168 kwa lita, uwezo wa figo kuchuja mililita 42 kwa dakika. Nilikuwa na miaka 51. Swali langu la kwanza likawa: naanza lini kusafishwa damu? Daktari akavua miwani: "Baba, wengi wenye figo kama zako hawafiki huko. Moyo unawawahi."

Akanieleza, na hapa ndipo lilipo jibu lako. Kila figo ina vichujio karibu milioni moja, na kila kichujio ni kifundo cha vishipa vyembamba sana. Protini ikianza kuvuja, ujue vishipa hivyo vimeumia. Sasa vishipa vya moyo na vya ubongo navyo vimepigwa na presha ileile, ila huko huwezi kukinga kikopo. Halafu figo ikichoka inabakiza chumvi na maji mwilini, presha inapanda zaidi, damu inapungua, mishipa inakakamaa, na mzigo wote anabebeshwa moyo. Picha ya moyo wangu ilionyesha ukuta wa kushoto umenenepa. Nikajisifu kwamba ni kama mkono wa kuli. Kumbe moyo ukinenepa unakuwa mgumu, haujai damu sawasawa.

Kuhusu kreatinini ya mzee, msiitegemee peke yake. Inaweza kubaki kwenye kiwango mpaka karibu nusu ya kazi ya figo imeshapotea. Ombeni wawakokotolee uwezo wa kuchuja, na wapime uwiano wa albumini, ndiyo hiyo protini inayovuja, na kreatinini kwenye mkojo. Ukiwa 30 na zaidi, miligramu kwa gramu, na ukabaki hivyo miezi mitatu, huo ni ugonjwa wa figo hata kama uwezo wa kuchuja uko juu ya 60.

Dawa zilinisumbua. Nilianza na enalapril, dawa ya presha, nikapata kikohozi kikavu cha usiku mpaka mama watoto akaniburuta kupima TB. Haikuwa TB, ilikuwa dawa. Nikahamishiwa losartan. Baada ya wiki mbili kreatinini ikapanda hadi 190, nikataka kuitupa. Nikaambiwa kupanda kidogo mwanzoni kunategemewa, isipovuka asilimia 30. Wanafuatilia hiyo pamoja na potasiamu. Kwa hiyo mzee akiandikiwa dawa ya kundi hilo, arudi kupima damu, na asiiache kwa kuogopa karatasi.

Chumvi ndiyo ilikuwa vita nyumbani. Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai. Sisi watu wanne pakiti ya nusu kilo ilikuwa inaisha siku 10. Piga hesabu: gramu 12 na nusu kila mtu, na hapo sijagusa dagaa wa chumvi. Mama watoto akakitoa kikopo cha chumvi mezani, akakificha kwenye debe la unga. Mwezi wa kwanza kande lilikuwa kama la hospitali. Sasa hivi nikila msibani naona wenzangu wanakula bahari. Pakiti inakaribia mwezi.

Diklofenaki niliiacha siku ileile, maana inaumiza figo. Mgongo ukibana nameza parasetamoli na vijana wanapakia.

Mwezi uliopita: presha 128 kwa 78, uwezo wa kuchuja 39. Umeshuka pointi tatu tu miaka yote hii, na dawa ya kolesteroli ileile unayoilalamikia nameza kila usiku.

Kitu kimoja hujakitaja, mkuu. Mzee akiumwa magoti au mgongo anameza nini? Muulize mama, maana wazee wetu huwa hawasemi. Kusanya kila kidonge kilichopo nyumbani kwenye mfuko mmoja, mwende nao kliniki.