Fundi, laptopu yanilia bando!

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Mimi niko Langoni hapa Lamu, nina laptopu ya Windows 11 nachapia kadi za harusi na mitihani ya madrasa, intaneti natumia hotspoti ya simu. Juzi nimenunua bando ya wiki nzima nikawasha laptopu nimtumie mteja faili moja tu, kuja kuangalia bando imekwisha yote! Mwanangu asema ni apdeti, na ana rafiki yake ajua kuizima kabisa isirudi tena. Nimwache aizime?
Mama wa Langoni

JIBU: Wa aleikum salaam mamangu, pole na bando. Mwanao kasema kweli, ni apdeti, yaani Windows kujivutia marekebisho yake mapya kwa intaneti, ila huyo rafiki mwambie asiguse kitu. Windows ikishaona Wai-Fai haijui kama hiyo ni simu yenye bando ya kuhesabu au ni laini ya ofisi, yenyewe yavuta tu, na ile apdeti kubwa ya mwaka yaweza kufika GB kadhaa.

Sasa wewe iambie. Unganisha hotspoti kwanza, ingia Settings, kisha Network & internet, kisha Wi-Fi, ufungue properties za hotspoti yako, shuka utaona pameandikwa Metered connection, yaani intaneti ya kuhesabu, washa hapo. Tangu hapo apdeti nyingi zitangoja uzibonyeze mwenyewe, nasema nyingi si zote maana za dharura zaweza kupenya. Halafu setingi hii yashika jina la hotspoti ile ile, siku ukiazima simu ya mwanao itabidi uiwashe upya na hapa ndipo watu wengi hunaswa wakadhani Windows imewadanganya. Ukiwa bado humo Settings pitia Windows Update, Advanced options, Delivery Optimization, uzime ile ya kushirikiana na kompyuta nyingine, maana ikiwa imefunguliwa hadi kwa watu wa intaneti basi mashine yako yaweza kuwagawia apdeti watu usiowajua kwa bando yako.

Kwa nini nakataa uizime kabisa? Mei 2017 kulizuka kirusi cha WannaCry, kikafunga faili za watu nchi nyingi, hata hospitali za Uingereza, kwenye skrini ni kudai pesa tu. Na Microsoft, wenye Windows, walishatoa dawa yake kwa apdeti tangu Machi! Wewe umebeba mitihani ya watoto na majina ya maharusi wa watu humo, vikifungwa utawaambia nini wenyewe?

Apdeti za usalama hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwetu huwa ni saa mbili au saa tatu usiku. Mimi siikimbilii siku hiyo hiyo, nangoja kama wiki hivi, ikiwa mbovu wenye haraka watapiga kelele kwanza. Ikitulia beba laptopu uende kwa nduguyo mwenye Wai-Fai ya kulipia mwezi, ichomeke chaja, bonyeza, kaeni mpige soga.

SWALI: Fundi mambo, niko Barani Malindi, naediti video za wateja. Kompyuta naiwacha usiku itoe video, asubuhi nakuta imejirestati yenyewe kazi yote imepotea. Nifanyeje maana mteja hanielewi?

JIBU: Poa kaka. Hapo hapo kwenye Windows Update, Advanced options, kuna Active hours, yaani masaa ambayo haitakiwi kujirestati. Kama ilijiwekea yenyewe basi imedhani wewe ni mtu wa mchana, badilisha uweke kwa mkono. Mwisho ni masaa 18, kwa hivyo weka kutoka saa moja jioni mpaka saa saba mchana, na uangalie, kompyuta yahesabu kizungu, andika 7 PM hadi 1 PM usije ukaweka 1 AM ukalia tena. Kukiwa na kazi kubwa ya harusi bonyeza Pause wiki nzima kabla hujaanza. Pause yaenda mpaka wiki tano, zikiisha haikupi nyingine mpaka uapdeti kwanza.

SWALI: Stima ikikatika katikati ya apdeti, ndio mashine imekufa? (Mkomani, Lamu)

JIBU: Mara nyingi haifi. Stima ikirudi iwashe uiache, yaweza kukaa kwenye asilimia ile ile muda mrefu huku yajirudisha ilivyokuwa, usiikatize kwa kubonya kitufe kila dakika. Laptopu ina betri, hofu ni ya desktopu. Kama huna UPS, ile betri ya kushikilia kompyuta stima ikikatika, na siku hiyo stima inachezacheza, usiapdeti, na wakati wa kuzima chagua Shut down tupu, si ile ya Update and shut down.