Uzi upi ukae juu?

Swali: Ninatengeneza kidhibiti cha mota kinachotumia FreeRTOS, mfumo endeshi mdogo unaogawa muda wa prosesa kati ya nyuzi, yaani kazi zinazoendeshwa kwa zamu. Uzi wa mota unaamka kila milisekunde 5 na kufanya kazi kwa milisekunde 1. Wa vihisi kila 20, kazi 4. Wa mawasiliano kila 100, kazi 30. Wa skrini unatumia muda unaobaki. Mota na skrini zinasoma jedwali moja la mipangilio, nimelilinda kwa semafo, yaani kufuli linaloruhusu uzi mmoja tu kwa wakati. Mawasiliano nimeyapa kipaumbele cha juu kwa kuwa ndiyo muhimu zaidi kwa mteja, lakini mota inatetemeka ingawa prosesa haijalemewa. Kosa liko wapi?

Jibu: Umepanga vipaumbele kwa kufuata umuhimu, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia. FreeRTOS haijui mteja anathamini nini. Inachojua ni kwamba uzi wa juu ukiwa tayari, wa chini unasubiri. Mawasiliano yakishika prosesa milisekunde 30 mfululizo, mota inakosa mizunguko 6 yote.

Panga kwa kipindi: uzi unaorudi upesi zaidi ndio ukae juu. Mota, kisha vihisi, kisha mawasiliano, skrini chini kabisa. Watafiti Liu na Layland walithibitisha mwaka 1973 kwamba kwa vipaumbele visivyobadilika, ikiwa kila kazi inatakiwa kwisha kabla ya kipindi chake kuisha, hakuna mpangilio unaoushinda huu. Pia walionyesha kuwa nyuzi 3 zisizozuiana, zikitumia prosesa chini ya takriban asilimia 78, zote zitawahi. Zako zinatumia 20, 20 na 30, jumla 70. (Katika FreeRTOS namba kubwa ndiyo kipaumbele cha juu, kwenye VxWorks, mfumo mwingine wa aina hii, ni kinyume, 0 ndiyo ya juu kabisa. Ukinakili msimbo wa mfumo mwingine, kagua hilo kwanza.)

Bila shaka unahofia mawasiliano yatachelewa. Tupige hesabu. Chukua hali mbaya kuliko zote, nyuzi tatu zikiamka kwa pamoja. Kabla mawasiliano hayajamaliza milisekunde zake 30, mota itaingia mara 11 na vihisi mara 3, yaani milisekunde 11 na 12 za nyongeza. Jumla 53, na una 100. Nafasi ipo tele. Lakini hizo 30 ziwe muda mrefu kabisa unaowezekana, si wastani. Upime uzi huo ukiwa peke yake, maana ukikatizwa na wa juu, muda wa kusubiri nao utahesabika.

Sasa hiyo semafo, ambayo inanitia wasiwasi zaidi. Skrini ikiwa imelishika jedwali, mota italazimika kuisubiri. Hilo si baya kama skrini inaliachia upesi. Lakini mawasiliano yakiamka wakati huohuo, yataisukuma skrini pembeni, nayo haitaweza kuliachia. Mota, yenye kipaumbele cha juu kuliko zote, itakuwa imekwamishwa na uzi ambao hata haulitumii jedwali. Chombo cha anga cha Pathfinder kilijizima na kujiwasha mara kwa mara kwenye Mirihi mwaka 1997 kwa sababu hiyohiyo: kazi ya chini ya hali ya hewa ilishika kufuli, kazi za kati zikaikatiza, na ya juu ikashindwa kumaliza kwa wakati. Wahandisi waliwasha urithishaji wa kipaumbele (aliyeshika kufuli hupewa kwa muda kipaumbele cha anayelisubiri) wakiwa duniani, na tatizo likaisha.

Kwako tiba ni nyepesi. Kama uliunda semafo kwa xSemaphoreCreateBinary, tumia xSemaphoreCreateMutex. Ya kwanza hairithishi kipaumbele, ya pili inarithisha: skrini itapanda kwa muda hadi ngazi ya mota, imalize, ishuke. Hata hivyo nakushauri skrini inakili thamani inazohitaji, iachie kufuli, ndipo ichore. Kamwe usichore huku umeshika kufuli.

Mwisho, kagua uzi wa mota unalalaje. Amri ya kulaza uzi, vTaskDelay, huanza kuhesabu pale inapoitwa, kwa hiyo kazi ya milisekunde 1 na usingizi wa 5 vinakupa mzunguko wa takriban 6. Tumia vTaskDelayUntil, inayohesabu kuanzia mwamko uliotangulia.