Trela la mtumba: laleni humo nyumbani kwanza

Trela la kusafiria la mtumba, ile nyumba ya magurudumu inayokokotwa na gari, msilinunue Ijumaa mkaondoka nalo Jumamosi. Liegesheni mbele ya nyumba, mlale humo usiku mmoja, mpike, muoge, mtumie na choo chake. Kibovu kitajitaja chenyewe huku duka la vipuri likiwa karibu. Watoto watafurahi, wao wanadhani ndiyo safari. Maelezo haya ni kwa mlioko Marekani, ndiyo maana vipimo ni vya pauni na galoni.

Anzeni na paa, kwa sababu mvua huua matrela kuliko barabara. Kuta nyingi ni fito za mbao zilizofunikwa kwa ubao mwembamba, na maji yakipenya kwenye ufa wa gundi ya paa huozesha ndani kwa ndani muda mrefu kabla doa halijaonekana. Bonyezeni kwa kidole gumba pembe zote, chini ya madirisha, na sakafu kando ya choo. Panapobonyea kama mkate pameoza. Gundi ya paa ikaguliwe kila miezi sita. Iliyopasuka ifunikwe kwa gundi ya paa za matrela, ile inayojitandaza yenyewe. Silikoni ya bafuni msiiguse, maana baadaye hakuna gundi nyingine itakayokubali kushika juu yake.

Tairi hudanganya. Trela hukaa kuliko linavyotembea, kwa hiyo tairi huzeeka bila kupata kipara. Someni tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likipita miaka sita, badilisheni. Magurudumu yakiwa nje, tieni beringi grisi mpya. Nati zikazwe kwa spana ya kipimo, na zirudiwe baada ya maili 50 za kwanza, kwani hulegea.

Sasa uzito. Mkono wa trela, yaani chuma cha mbele kinachoungwa na gari, uliegemee gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote: trela la pauni 5,000 lisukume chini kwa pauni 500 hadi 750. Ukipungua hapo, trela huanza kuyumba mkia, na linaweza kuliburura gari likaliangusha. Mizigo mizito ikae karibu na ekseli au mbele yake kidogo, si nyuma kabisa. Kumbukeni galoni moja ya maji ni pauni 8.3. Likianza kuyumba, dereva asikanyage breki ya gari. Aachie mafuta, ashike usukani wima, abonyeze kwa mkono kidhibiti cha breki za trela peke yake.

Anayefunga trela asisemeshwe na mtu. Akishafunga kichwa cha mkono wa trela kwenye tufe la nyuma ya gari na kuchomeka pini, azungushe jeki ya mbele kama anayepandisha: nyuma ya gari ikiinuka pamoja na trela, kimeshika. Minyororo ipishane chini ya mkono, ili kichwa kikichomoka kidakwe kisichimbe lami. Waya wa breki ya dharura, unaofunga breki za trela likichomoka, ufungwe kwenye gari lenyewe, si kwenye mnyororo.

Mkifika kambini, sawazisheni kushoto na kulia kabla ya kuliachia gari, kwa kupandisha gurudumu la upande wa bondeni juu ya mbao. Kisha kabari, mbele na nyuma ya magurudumu. Ndipo mfungue. Miguu ya pembeni ni ya kutuliza mtikisiko tu. Mkiinulia trela, fremu hupinda na mlango haufungi. Usawa huu si kwa ajili ya wanaolala tu: friji ya gesi hutegemea amonia kushuka kwa mteremko wake, na ikifanya kazi imeinama mtambo wake huziba. Iwasheni siku moja kabla ya safari.

Soketi ya ampea 30 ya trela ni ya volti 120. Fundi asiyeijua huidhani ya mashine ya kukaushia nguo, akaipa 240, na vyombo vyote vikaungua. Ipimeni kwa mita kwanza. Jumla mnayo wati 3,600, hivyo kiyoyozi, birika na maikrowevu havikai pamoja. Hita ya maji iwashwe baada ya bomba la maji ya moto kuacha kukohoa hewa; koili ikiwaka katika tangi tupu huungua papo hapo.

Gesi ipimeni kwa povu la sabuni kwenye kila kiungo, likivimba inavuja, na someni tarehe ya mwisho nyuma ya kengele ya kunasa gesi.

Choo ndicho kinachoaibisha wageni. Baada ya kumwaga tangi la choo, rudisheni humo galoni chache za maji safi, na valvu yake ibaki imefungwa hata mpira wa maji taka ukiwa umeunganishwa. Ikiachwa wazi, maji hutangulia, kinyesi na karatasi hubaki vikikauka kuwa kichuguu. Tangi la choo likijaa theluthi mbili, limwageni kwanza, kisha la maji ya sabuni, lisuuze mpira. Glavu kila mara, na mpira wa maji ya kunywa usikae sanduku moja na huo.