Kufungua shule wakati wa janga: fedha zianze na hewa, maji na sabuni, mambo ya getini yasubiri

Mleta mada ameuliza hivi: kamati ya shule yenye wanafunzi 600 inaandika mpango wa dharura. Ikitokea janga jingine kama UVIKO-19, shule zikafungwa kisha wakapewa wiki tatu kujiandaa kufungua, fedha chache zilizopo ziende wapi? Nusu ya kamati inataka vipimajoto na chumba cha kupulizia watoto dawa getini, nusu inataka ndoo za kunawia. Nitajibu kwa kirefu, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea.

Kabla ya kununua chochote, ulizeni ugonjwa wenyewe unasafirije. Shule za Guinea, Liberia na Sierra Leone zilipofunguliwa upya mwaka 2015 wakati wa Ebola, kipimajoto getini na ndoo ya klorini vilikuwa na maana kubwa: Ebola huenezwa kwa majimaji ya mwili, na mgonjwa haambukizi kabla hajaanza kuonyesha dalili. Kipindupindu hupitia maji na vyoo. UVIKO-19 na mafua makali ni jambo lingine kabisa: husafiri kwenye hewa tunayoitoa tukiongea, tukiimba au tukipaza sauti darasani, na mtu huambukiza siku moja au mbili kabla hajajisikia vibaya. Mtoto wa namna hiyo anapita getini na joto la kawaida kabisa. Kamati nyingi hunakili mpango wa ugonjwa uliopita, kisha hushangaa darasa zima linapougua.

Kwa ugonjwa wa hewa, basi, tuanze na hewa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa Machi 2021 ulitaja lita 10 za hewa safi kwa kila mtu kwa kila sekunde. Chukua darasa la mita 8 kwa 7 lenye kimo cha mita 3, yaani mita za ujazo 168. Wakikaa watu 45, mnahitaji lita 450 kwa sekunde. Hewa yote ya chumba iwe inabadilika karibu kila dakika 6. Wakikaa 25, inatosha ibadilike kila dakika 11 hivi. Kwa hiyo kupunguza idadi ya watoto chumbani kunasaidia mara mbili: nafasi inaongezeka na kazi ya madirisha inapungua.

Namna ya kupima bila kifaa ni rahisi. Kata vipande viwili vyembamba vya karatasi laini, kimoja kining'inize kwenye dirisha la upande upepo unakotoka, kingine upande wa pili. Kimoja kikielekea ndani na kingine nje, hewa inapita. Vyote vikining'inia wima, hewa imelala, hata kama madirisha yote yako wazi. Mara nyingi sababu huwa ndogo: upande wa pili hauna tundu lolote, kabati limeziba dirisha, vioo vya kukunja vimeshika kutu, au rangi imegandisha fremu. Fundi mmoja mwenye tindo, mafuta ya bawaba na siku mbili za kazi anaweza kuokoa madarasa mengi kuliko kifaa chochote mtakachouziwa. Pale ambapo ukuta wa pili hauna dirisha, toboeni matundu karibu na dari, maana hewa ya moto iliyotoka vifuani mwa watu hupanda juu. Mlango ushikiliwe kwa ndoano ya ukutani. Jiwe huondolewa ndani ya wiki ya kwanza.

Feni ya dari huzungusha hewa ileile na haileti mpya. Feni ya kusimama iwekwe dirishani ikitazama nje, madirisha ya upande wa pili yakiwa wazi, isukume hewa chafu kutoka. Viyoyozi vingi vya ukutani navyo hupoza hewa ileile ya chumba. Mkiwasha, bado acheni sehemu ya dirisha wazi. Mvua au baridi ikizidi, fungueni ya juu peke yake, kisha kila kipindi kikiisha toeni watoto nje dakika 10 na kufungua yote.

Kama bajeti inaruhusu kifaa kimoja, nunueni kipimo cha hewa ya ukaa (kaboni dioksidi, ile tunayoitoa tukipumua), mkizungushe darasa kwa darasa. Nje kitasoma karibu 420 (ppm, yaani sehemu kwa kila sehemu milioni za hewa). Darasani, chini ya 800 ni vizuri. Kikifika 1,500, watu wanavuta pumzi za wenzao na hatua ichukuliwe siku hiyohiyo. Kiwekwe usawa wa kichwa cha mtoto aliyeketi, mbali na dirisha na mbali na mdomo wa mtu, na kisomwe mwishoni mwa kipindi, siyo mwanzoni. Angalizo: vile vya bei ya chini sana visivyotumia miale ya infraredi hukisia tu. Sogeza kitakasa mikono chenye pombe karibu nacho. Namba zikiruka juu, kirudisheni dukani.

Idadi ya watoto. Katika chumba hicho cha mita 8 kwa 7, ukiacha mita 2 mbele kwa mwalimu na kutaka walau mita 1 kati ya mtoto na mtoto, watakaa 20 hadi 25. Waliobaki wanahitaji zamu: asubuhi na mchana, au siku kwa siku. Zamu za asubuhi na mchana zina kasoro moja ambayo wengi hawaioni, nayo ni lile saa moja ambapo kundi moja linatoka na jingine linaingia, wote wakakutana getini. Acheni walau dakika 45 katikati na milango miwili tofauti kama ipo. Muhimu zaidi, kundi likishapangwa lisibadilishwe: watoto walewale, chumba kilekile, mapumziko yaleyale. Akiugua mmoja, mtafunga kundi moja badala ya shule nzima. Walimu ndio wahamie madarasa, na kikao chao cha asubuhi kifanyike nje. Chumba cha walimu kilichofungwa madirisha, chai mezani na barakoa zimeshushwa, ni mahali hatari kuliko darasa lenyewe.

Sasa maji na sabuni. Hapa ndugu zetu wa ndoo wana hoja, lakini hesabu yao haijakamilika. Watoto 600, koki 10, kila mmoja sekunde 40 pamoja na kusuuza: ni dakika 40 za foleni. Mkiwanawisha wote getini asubuhi, kipindi cha kwanza kimekufa, na foleni yenyewe imekuwa msongamano mliotaka kuuepuka. Sambazeni vituo: kimoja kila mlango wa madarasa mawili au matatu, na kimoja hatua chache tu kutoka chooni, maana kikiwa mbali mtoto haendi.

Kunawa mara tano kwa siku (kufika, kutoka chooni, kabla ya kula, baada ya kucheza, kuondoka), nusu lita kila mara, ni lita 1,500 kwa siku bila kuhesabu choo. Koki iliyoachwa wazi huweza kula mara tatu au nne ya hapo, kwa hiyo chagueni koki za kubonyeza au tumieni kibuyu chirizi. Kibuyu kinatengenezwa kwa dumu la lita 5: toboa tundu kwa msumari wa moto kama sentimita 12 chini ya mfuniko, dumu lining'inie kwenye mti wa mlalo, kamba ifungwe shingoni hadi kijiti cha kukanyaga chini. Mambo matatu hukiharibu. Tundu likiwa pana kuliko msumari wa kawaida, dumu linaisha baada ya watoto wachache. Mfuniko ukikazwa kabisa bila tundu dogo la kupitisha hewa, maji yanakatika. Na chini pasipowekwa shimo la kokoto, panakuwa tope na mazalia ya mbu. Kwa watoto wadogo, maji yatoke kwenye kimo cha sentimita 50 hadi 60 kutoka ardhini.

Sabuni ndiyo huisha kwanza. Mche ukiachwa wazi unatoweka. Njia inayodumu ni maji ya sabuni: vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya unga kwenye chupa ya lita moja na nusu, tikisa, toboa mfuniko, funga chupa kwa kamba kwenye kituo. Andikeni jina la mtu wa kujaza kila kituo, pamoja na saa: kabla ya kengele ya kwanza na kabla ya mapumziko. Kituo ambacho ni cha kila mtu hukauka kufikia Jumatano. Kitakasa mikono kiwe na pombe isiyopungua asilimia 60, kikae kwa mwalimu; huwaka moto, mtoto mdogo anaweza kukinywa, na hakifai kwa mikono yenye udongo.

Klorini kwa madawati na vyoo. Kiwango cha kufutia ni asilimia 0.1. Kama chupa ya klorini ya maji imeandikwa asilimia 5, changanya sehemu 1 na maji sehemu 49, yaani mililita 200 kupata lita 10. Ikiwa ya asilimia 3.5, sehemu 1 kwa 34, kama mililita 285 kwa lita 10. Ya unga yenye asilimia 70, gramu 15 kwa lita 10. Palipotapikwa au pana damu, tumieni asilimia 0.5, mara tano ya vipimo hivyo. Osha kwanza kwa sabuni, kwa sababu uchafu huila klorini kabla haijafikia vijidudu, kisha paka na uache palowe walau dakika 1. Changanyeni kila siku asubuhi kwa maji baridi, pasipo jua. Kamwe isichanganywe na dawa ya choo yenye asidi au yenye amonia. Hutoa gesi inayochoma mapafu. Wanafunzi wasiguse kazi hii.

Lakini msijimalize kwa kufutafuta. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani (CDC) kilieleza Aprili 2021 kwamba uwezekano wa kuambukizwa UVIKO-19 kwa kugusa kitu chenye virusi kwa jumla ni chini ya 1 kwa 10,000. Mara moja kwa siku inatosha, na zaidi kwa vyoo na vitasa.

Chumba cha kupulizia watoto dawa kifutwe kwenye bajeti. WHO ilikataza jambo hilo waziwazi Mei 2020: klorini huumiza macho, ngozi na njia ya hewa, na haimwondolei mtu virusi vilivyo ndani ya mwili. Vipimajoto vya paji la uso vinaweza kubaki kimoja au viwili kwa ajili ya mtoto anayelalamika, kwani paji lililotembea juani husoma juu. Akae kivulini dakika 10 kabla ya kupimwa.

Barakoa ni jambo fupi: ya kitambaa iwe na tabaka tatu, izibe pua na kidevu, mtoto awe na mbili kwa siku kwa sababu ikilowa haifai. Mwongozo wa WHO na UNICEF wa Agosti 2020 haukuwataka watoto wa miaka 5 kushuka chini kuvaa, na ulitaka wa miaka 12 na zaidi wavae kama watu wazima. Darasa likiwa na mtoto asiyesikia, mwalimu wake avae barakoa yenye dirisha angavu ili mtoto asome midomo.

Akiugua mtoto katikati ya masomo: mpeni barakoa, mpelekeni kwenye kivuli au chumba cha madirisha wazi kilichoandaliwa, mtu mzima mmoja tu aliyevaa barakoa abaki naye, mzazi apigiwe simu. Asirudishwe nyumbani peke yake wala kwenye basi la wenzake. Jina lake lisitangazwe mstarini. Wazazi wa kundi lake waambiwe kuna mgonjwa, basi. Akishasemwa mmoja, wengine wote wataficha dalili.

Kwa sababu hiyohiyo, futeni zawadi za mahudhurio kwa kipindi chote cha janga na msimkate mwalimu posho kwa kubaki nyumbani akikohoa. Mzazi anayejua mwanawe atapoteza alama kwa kukosa siku tatu atamleta na homa.

Halafu majengo yenyewe. Shule iliyofungwa miezi huwa na popo darini, manyigu, nyoka kwenye nyasi, mabomba yaliyolala. Kama ilitumika kuweka wagonjwa, isafishwe yote kwanza. Tanki lisuguliwe, lijazwe robo, muweke gramu 80 za klorini ya unga yenye nguvu (ile ya asilimia 70) kwa kila lita 1,000 za ujazo wake, mjaze, lifunikwe saa 24. Mkiwa na haraka, dozi mara mbili kwa saa 8. Maji hayo yapitishwe kwenye koki zote hadi mnuse klorini, kisha yamwagwe mbali na bustani na mito, ndipo mjaze ya kunywa.

Wiki ya kwanza iwe ya tanki, vyoo na madirisha. Ya pili ya vituo vya kunawia na kupanga makundi. Ya tatu ya kuwafundisha walimu, walinzi na wapishi. Siku tatu kabla ya kufungua, leteni madarasa mawili tu wapitie ratiba nzima kuanzia getini hadi kuondoka, mtu asimame kwenye kila kituo na saa mkononi. Foleni ya kunawa ikizidi dakika 10 kwa madarasa hayo mawili, ongezeni vituo au mgawanye saa za kuingia kabla ya siku yenyewe.