Namba ya mlangoni imenichanganya

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika historia ya mtaa wetu mkongwe, na nimeanzia nyumba namba 48. Kitabu cha zamani cha anwani kinasema hapo alikuwapo fundi viatu. Wazee wa mtaa wanaapa kwamba nyumba ile haijawahi kuwa na duka. Nimwamini nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Waamini wazee, na kitabu kiamini vilevile. Wa kumshuku ni hiyo 48. Miji hubadili namba za nyumba. Chicago ilizipanga upya mwaka 1909, zikahesabiwa kutoka makutano ya barabara za State na Madison, na eneo la katikati likafuata 1911. Ukisoma kitabu chao cha 1905 kwa namba za leo, unabisha hodi kwa watu wengine kabisa.

Mimi yalinikuta. Wiki tatu nzima nilimfuatilia mshona nguo mmoja, nikajua hadi majina ya wanawe, kumbe alikaa milango sita mbele ya nyumba niliyoitaka.

Tangu hapo nashika kona ya mtaa, si namba. Tafuta kitabu kilichopangwa kwa mitaa, si kwa majina ya watu. Mara nyingi, katikati ya orodha, huchomekwa jina la mtaa unaokatiza. Anzia hapo, uhesabu milango mpaka kwa fundi wako. Halafu chukua kitabu cha mwaka unaofuata, na unaofuata. Ukikuta majirani ni walewale ila namba zao zote zimeruka, umeshaupata mwaka wa mabadiliko.

Ulizia pia ramani za bima ya moto, zile zilizochorewa kampuni za bima zionyeshe kila jengo. Marekani zilichorwa na kampuni ya Sanborn tangu 1867, na Uingereza na Kanada zikachorwa na kampuni ya Goad. Kwenye za Sanborn kila jengo lina rangi yake: waridi ni tofali, njano ni mbao, buluu ni jiwe. Nyumba ikijengwa upya, kipande cha karatasi kiligundishwa juu ya ile ya zamani. Inamisha ramani kwenye mwanga uone kingo zake. Usikibandue! Niliwahi kumwona bwana mmoja akijaribu kwa ukucha. Alitolewa nje na daftari lake likabaki mezani.

Ukirudi kwa wazee, iache hiyo 48. Waulize fundi viatu alikuwa mlango wa ngapi kutoka konani, na upande gani wa barabara.