Rimu zilezile, rangi mara tatu

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, nina rimu za alumini za inchi 17, zimechubuka. Nizipulizie rangi ya kopo au nizipeleke kwenye tanuru wakazipige rangi ya unga?" Nilicheka peke yangu. Swali hilo limenila miaka miwili, tairi zimevuliwa na kuvishwa mara sijui ngapi, na heshima yangu kwa shemeji imeingia doa. Najua wewe unayesoma hapa si mtu wa vifuniko vya plastiki. Unataka gari likipita, mtu ageuze shingo.

Naishi Kigamboni. Asubuhi nyingi Toyota Mark X yangu inavuka na pantoni, na pale pa kupandia maji ya bahari hayakauki. Rimu zikaanza kuota ungaunga mweupe kwenye matundu ya nati. Kisha chini ya klia ya kiwandani, ile rangi angavu ya juu kabisa, vikajitokeza vimistari vyembamba, vimejipinda kama njia ya mchwa ukutani. Mchubuko ukishafika kwenye alumini, chumvi huingilia hapo na kutembea chini ya rangi taratibu. Siku ya Idi, mbele ya ukoo mzima, shemeji akasema: "Gari la bwana harusi, viatu vya ombaomba." Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilimwaga chai yangu nikatoka nje.

Mara ya kwanza nilijifanya fundi. Makopo ya spreya nilinunua Kariakoo, tairi sikuvua, nikazungushia magazeti na masikingi tepu. Msasa nilipiga palipoonekana tu, mikwaruzo nikaijaza pati, ule uji mzito wa kuzibia mashimo ya bodi, kisha praima (rangi ya kwanza ya kushikisha) ya chuma ya kawaida, rangi nyeusi, klia. Jumatatu ziling'aa, nikapiga picha nikaweka status. Baada ya miezi minne kijana wa kuosha magari akaelekeza mpira wa presha kwenye gurudumu, na kipande cha rangi kikubwa kama kiganja kikaruka. Chini yake alumini ilikuwa nyeupe pe, kama haijawahi kuguswa. Alumini ukishaipiga msasa hujivika ngozi ya oksidi papo hapo, kwa hiyo inataka praima yake, ile inayong'ata, tena ipakwe bila kuchelewa. Maelezo yalikuwa nyuma ya kopo. Sikuyasoma.

Nikahamia kwenye unga. Nilipata karakana moja ya madirisha ya alumini yenye tanuru. Unga hupulizwa ukiwa na chaji ya umeme, unaganda kwenye chuma kilichofungwa waya wa ethi, kisha huokwa kwenye nyuzi 180 hadi 200 kwa dakika kumi na kitu, ukayeyuka na kuwa ngozi moja ngumu. Hakuna thina, hakuna michirizi. Fremu zao zilikuwa safi kiasi kwamba sikuuliza hata swali moja.

Lakini rimu si fremu ya dirisha. Rimu nyingi zimemiminwa kwenye kalibu, zina vijitundu vilivyofumbata hewa na mafuta. Zikipata moto, hewa inatoka kupitia kwenye unga unaoyeyuka, na rangi inaota malengelenge. Ilitakiwa ziokwe tupu kwanza zitoe jasho, ndipo zipakwe. Hawakufanya hivyo. Pati yangu ya zamani nayo ikachemka na kupasuka, maana pati ya bodi haihimili tanuru. Nikazichukua hivyohivyo, kwa sababu Jumamosi tulikuwa na harusi Morogoro.

Tulipopita Mlandizi usukani ukaanza kutetemeka. Nikasema ni balansi, nikaongeza redio. Shemeji, aliyekaa nyuma, ndiye aliyenishika bega: "Simama. Simama sasa hivi." Gurudumu la mbele kushoto lina nati tano. Tatu nilizizungusha kwa vidole.

Kumbe hakuna aliyeziba matundu. Unga ulikuwa umejaa kwenye viti vya nati, pale nati zinapokaa, na kwenye uso unaolalia habu, kitovu kinachobeba gurudumu, kwa hiyo nati zilikuwa zinabana rangi, hazibani chuma. Rangi ikibinywa na kupata joto la breki husagika, na nati inabaki haina cha kushika. Mke wangu hakusema neno mpaka Morogoro, na watoto walikuwa mle ndani. Ndugu zangu, tuna ugonjwa wa kupenda picha. Mtu anauliza rangi itang'aa vipi, haulizi gurudumu litakaa vipi. Mimi ndiye niliyekuwa mtu huyo, kwa hiyo nakusema nikiwa na haki ya kusema.

Mara ya tatu nilikwenda kwa mtu mwingine na nikasimama palepale kuanzia asubuhi. Tairi, valvu na risasi za balansi vikatoka vyote. Rangi ya zamani ikatolewa kwa rimuva, dawa ya kuvua rangi, na mchanga mwororo, si kwa kuchomwa, kwa sababu alumini ikizidishiwa joto hupoteza uimara iliopewa kiwandani. Mikwaruzo ikasawazishwa kwa msasa, pati marufuku. Zikaokwa tupu. Matundu yakazibwa kwa plagi za silikoni. Unga ukawa wa aina ya poliesta, kwani ule wa epoksi huchuja juani. Nati nikakaza mwenyewe kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, Nm 103 kwa gari langu, na baada ya kilomita 80 nikazikagua tena. Zilikuwa zimetulia.

Sasa wewe uliyeniuliza. Kama michubuko yako imeingia ndani sana na lazima ipate pati, baki na rangi ya kupuliza: praima inayong'ata, rangi yenye hadina (dawa ya kuigandisha), na uvae barakoa ya kichujio cha kemikali, maana mvuke wa hadina unaharibu mapafu. Ikidonoka unaigusia nyumbani jioni. Unga ukidonoka haugusiki vizuri, rimu nzima inarudi kuvuliwa rangi. Lakini kama rimu ni nzima na unaishi pwani kama mimi, nenda kwenye unga, na usiondoke hapo mpaka uone plagi kwenye matundu kwa macho yako. Rimu yenye ufa usiipake chochote. Itupe. Nasema tena: itupe.

Zangu sasa zina mwaka na miezi minane za pantoni. Shemeji juzi kaniomba namba ya yule fundi. Nimeiona meseji, bado sijaijibu.