Maswali na Majibu: Vipuri vya Kujitengenezea kwa Gari la Zamani la Njia Mbovu

Swali: Gasketi ya mfuniko wa difu (gia za ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu) imechanika na madukani haipatikani tena. Nikikata nyingine mwenyewe, itazuia oili?

Jibu: Itazuia, mradi utumie karatasi maalumu ya gasketi inayostahimili oili, wala si kadibodi ya boksi. Pima unene wa gasketi ya zamani, kisha paka mdomo wa mfuniko oili kidogo na uukandamize juu ya karatasi ili uache alama. Toboa kwanza matundu ya bolti, ndipo ukate kingo, kwa kuwa karatasi iliyokwisha kukatwa kingo huchezacheza na matundu hayakai sawa. Wapo mafundi wanaogonga karatasi kwa nyundo juu ya kifaa chenyewe hadi ikatike. Kwa chuma si neno, lakini alumini hubonyea, na uvujaji utakaofuata hautakuwa tena kosa la gasketi. Kwenye pampu ya oili uwe mwangalifu zaidi, maana huko unene wa gasketi ndio unaoweka nafasi kati ya gia na mfuniko, na nafasi hiyo ikizidi, presha ya oili hushuka.

Swali: Mlango wa Land Rover Series yangu umeota unga mweupe na kutoboka pale bati la alumini linapokunjwa juu ya fremu ya chuma. Nitumie bati la chuma badala yake?

Jibu: Baki na alumini. Gari hilo lilipoingia sokoni mwaka 1948, chuma kilikuwa cha mgawo nchini Uingereza, na ndiyo maana bodi ilitengenezwa kwa aloi ya alumini juu ya chasisi ya chuma. Metali hizo mbili zikigusana penye unyevu, hasa wenye chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Alumini ya daraja la 5251, yenye magnesiamu, inakaribiana sana na aloi ya asili. Ya daraja la 6082 iliyokazwa kwa joto iepuke, kwani hupasuka ikikunjwa kwa pembe kali. Kama bati la zamani limeoza kiasi cha kutofaa kuchorea, chora kutoka mlango wa upande wa pili na ugeuze kielelezo kabla ya kukata.

Ugumu uko kwenye mikunjo. Bati hulainishwa kwa moto kabla ya kukunjwa, lakini alumini haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo jicho peke yake halitakuonya. Sugua sabuni ya mche kwenye mstari wa mkunjo, kisha pitisha moto wa gesi upande wa nyuma, ukiusogeza bila kutulia mahali pamoja, hadi alama ya sabuni iwe ya kahawia iliyokolea inayoelekea weusi. Hapo ondoa moto mara moja. Bati likipoa litakunjika bila ubishi, ingawa kila pigo la nyundo hulirudishia ugumu kidogo. Kabla ya kulivika, paka fremu rangi ya kuzuia kutu, weka silanti kati ya metali hizo, na ufunge kwa ribiti za alumini.

Swali: Je, mpira wa tyubu unafaa kuwa gasketi ya pampu ya petroli?

Jibu: Haufai. Petroli huuvimbisha na kuulegeza. Tumia mpira wa naitraili, aina ya mpira unaostahimili petroli, lakini usiuhamishie kwenye breki, kwa kuwa mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 huuharibu.

Swali: Mkerezaji yuko tayari kunitengenezea bolti za springi na tai rodi (fimbo ya usukani inayogeuza magurudumu) kutoka chuma chakavu. Nikubali?

Jibu: Kataa yote mawili. Bolti yenye alama ya 8.8 kichwani imetengenezwa ihimili mvuto wa newtoni 800 kwa kila milimita ya mraba, ilhali chuma laini cha kawaida huhimili takribani nusu ya hapo. Tai rodi ni mbaya zaidi, maana ufa huanza ndani kwa ndani na usukani hukatika bila dalili. Mkerezaji wako mpe bushi na wosha.

Swali: Kitufe cha feni nikichapishe kwa printa ya 3D?

Jibu: Chapisha, ila si kwa plastiki ya PLA, ambayo hulegea kwenye nyuzi 60 hivi za Selsiasi, joto ambalo dashibodi iliyo juani hulifikia. Plastiki ya ASA hustahimili joto na jua pia. Kilaze kitufe ubavu wakati wa kuchapa, kwa sababu shina lililosimama hukatikia kati ya tabaka.